Mbwa wako akifa, usikimbilie jembe

Umemfuga miaka kumi, na asubuhi moja unamkuta amekufa kando ya lango. Majirani watakuambia huyo ni mbwa tu. Usiwasikilize. Mnyama uliyemlisha kila siku ana nafasi yake nyumbani, nayo ikibaki tupu moyo huuma. Wagonjwa huja kwangu wakilalamika kwamba usingizi umepotea au chakula hakipiti, na ni baada ya maswali mengi ndipo hunieleza, huku wakiona haya, kwamba wamepoteza mbwa au paka. Hakuna haya hapo. Lakini wiki zikipita nawe bado huli wala hulali, mwone daktari.

Watoto nao waambiwe ukweli. Ukimwambia mtoto wa miaka minne kwamba mbwa "amelala", huenda naye akaogopa kulala.

Kabla ya kuzika, jiulize alikufaje. Kama aligongwa na gari au ni uzee, zika. Kama siku zake za mwisho alibadilika tabia, akawa mkali au akajificha, akatokwa na mate na kushindwa kumeza, huenda ni kichaa cha mbwa. Usimguse kwa mikono mitupu. Mwite afisa wa mifugo wa kaunti. Yeye ndiye atakayepanga ubongo upimwe katika maabara.

Kisha geukia watu wa nyumbani. Aliyeumwa, aliyeparurwa, au aliyeingiwa na mate ya mbwa huyo kwenye kidonda, jicho au mdomo, aende hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja majibu ya maabara. Kidonda kioshwe kwanza kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dalili kwa binadamu huchukua kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu, pengine zaidi, na zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo ikianzwa mapema na kukamilishwa huokoa maisha. Muulize mtoto kwa upole, kwani wengi huficha kwamba waliumwa wakihofia kuchapwa, au mbwa wao kuuawa.

Mwenye shamba achimbe shimo refu, mbali na kisima, na aweke mawe juu. Hasa kama mbwa alidungwa sindano ya kumpumzisha, kwa maana dawa hiyo hubaki mwilini na huweza kuua mbwa wengine au tai watakaofukua. Anayeishi kwenye fleti amwombe daktari wa mifugo amsaidie, na aulize gharama mapema. Kumtupa jalalani au mtoni ni kuwapelekea wengine maradhi.

Na usikimbilie kununua mtoto wa mbwa wiki ijayo ili kuwanyamazisha watoto. Ikiwa aliyekufa alikuwa na parvo, virusi vyake huweza kukaa uani kwa miezi mingi, hata mwaka. Huyo mpya akamilishe kwanza chanjo zake zote ndipo akanyage hapo.