Maumivu yanayotoka kiunoni na kushuka mguuni: siatiki na kazi yetu ya shamba

Kwa kawaida tunawaandikia juu ya mbegu, mbolea na bei ya maharagi. Safari hii tunaongea juu ya kiuno. Tukipita mashambani hapa Kiwanja, wakati wa kulima na wakati wa kuvuna, tunasikia memba wakilalamika kwa maneno karibu yaleyale: «Inaanzia mu kiuno, inashuka mu tako na mu muguu, inapiga kama umeme.» Wengine wanasema ni figo. Wengine wanasema kuna mtu amewatupia kitu njiani. Mara nyingi ni siatiki, ugonjwa ambao wanganga wanaufahamu vizuri. Sisi ni wa-agronome, si wanganga, lakini jembe na gunia ndivyo vinavyouchochea, na hapo inatuhusu.

Neno mshipa linachanganya watu. Kuna mishipa ya damu, na kuna mishipa ya fahamu inayopeleka habari kati ya ubongo na mwili. Mshipa wa siatiki ndio mnene kuliko mishipa yote ya fahamu. Unatoka chini ya uti wa mgongo, unapita ndani ya tako na nyuma ya paja, na matawi yake yanafika mpaka vidole vya mguu. Kati ya mfupa na mfupa wa mgongo kuna kipande kama mto mdogo, nje kigumu, ndani laini kama uji mzito. Ukiinama na kuinua mzigo, halafu ukageuza kiuno nao, mto huo unabanwa sana. Kadiri miaka inavyopita unachoka, na siku moja unaweza kupasuka pembeni, uji ukatoka na kugusa mzizi wa mshipa. Fikirini mfereji wa maji: ukizibwa kule juu, mimea ya chini ndiyo inakauka. Vilevile mguu unauma, na kumbe shida iko mgongoni. Dawa ya kupaka kwenye goti haitafika huko.

Siatiki huwa kwa mguu mmoja, mara nyingi inapita goti na kushuka chini, pamoja na ganzi au kuchomwa-chomwa. Ukikohoa au kupiga chafya inazidi. Kama una homa na mkojo unauma, hapo ndipo ufikirie figo.

Habari nzuri ni kwamba wagonjwa wengi wanapata nafuu ndani ya wiki chache, bila kupasuliwa. Lakini wazee wetu walituzoeza kulala kitandani mpaka mgongo upone, na hiyo haisaidii. Pumzika siku moja au mbili kama maumivu ni makali, halafu anza kutembea kidogo kidogo, hata kuzunguka nyumba tu. Ukilala ubavu, weka kitenge kilichokunjwa kati ya magoti. Kitambaa cha maji moto kiunoni kwa dakika 15 au 20 kinatuliza. Kukandwa polepole kwa mafuta si kubaya. Lakini kukanyagwa mgongo na watoto, au kuvutwa mguu kwa nguvu, tunaomba muache. Dawa kama ibuprofen inaweza kusaidia, inywewe baada ya kula, na isichukuliwe hivi hivi sokoni: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shida ya figo na mama mwenye mimba wasiinywe bila munganga kusema.

Juu ya sindano tunataka kukaza sauti. Watu wetu wanapenda sindano. Wakipewa vidonge tu wanasema hawakutibiwa. Lakini mshipa wa siatiki unapita ndani ya tako, na sindano ikichomwa mahali pabaya inaweza kuuharibu wenyewe. Kuna watoto Afrika waliobaki na mguu unaoburuzika kwa sababu ya sindano ya kinini iliyochomwa vibaya takoni. Usimpe tako lako mtu anayetembeza dawa nyumba kwa nyumba.

Kuna alama ambazo hazingojei wiki. Mkojo au choo vikianza kutoka bila wewe kujua, au mkojo ukikataa kutoka, au ganzi ikishika sehemu za siri na katikati ya mapaja, au mguu ukikosa nguvu, nenda siku hiyohiyo Hospitali Kuu ya Rutshuru. Hapo mshipa unabanwa sana, na ukichelewa uharibifu unaweza kubaki. Nenda mapema pia kama maumivu yalianza baada ya kuanguka, au yanakuja na homa, kukonda na jasho la usiku: kifua kikuu kinaweza kushika mifupa ya mgongo, na kina dawa.

Sasa kazi yenyewe. Mwaka 1975 jimbo la California, Marekani, lilikataza jembe la mpini mfupi mashambani, juu lilikuwa linavunja migongo ya vibarua. Hapa kwetu mpini mrefu wanauita wa wavivu. Sisi tunasema jaribuni kwenye kupalilia, si lazima kwenye kufungua shamba jipya. Mpini ukiwa mrefu, fundi afungue kidogo pembe ya jembe, la sivyo litakwaruza tu.

Na gunia. Shirika la Kazi la Kimataifa liliandika mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima asibebe kwa mkono zaidi ya kilo 55. Sisi tunapandisha gunia la kilo 100 kichwani mwa mtu mmoja, na wamama wanabeba kwa kamba ya paji la uso. Mnunuzi atasema gunia kubwa ni rahisi kwake. Ni kweli, lakini si yeye anayelibeba. Tunapendekeza mkutano mkuu uamue kabla ya mavuno ya sezoni A: depo ipokee magunia ya kilo 50 tu, malipo ya mpakiaji yahesabiwe kwa kilo, si kwa gunia, na pajengwe jukwaa la mbao lenye kimo cha kiuno karibu na mizani, ili gunia lisiinuliwe kutoka chini. Memba mwenye siatiki apewe kuchambua mbegu wakati huo, lakini asikae saa nzima bila kusimama.