Tenda ya Miche Igawanywe

Ndugu wanachama,

Wengi wenu mmetuuliza kwa nini wenye vitalu hawapati tenda za serikali, hali ya kuwa miche inayopandwa ni yao. Twaeleza kama tulivyoona.

Tenda hutangazwa moja, ya miche makumi ya maelfu, ifikishwe yote kwa pamoja. Muombaji hutakiwa dhamana ya benki, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu na ushahidi wa kazi kubwa aliyokwisha kuifanya. Mwenye miche elfu mbili chini ya minazi yake atavipata wapi vitu hivyo? Basi tenda huchukuliwa na mwenye makaratasi, asiye hata na kiriba kimoja, kisha huja kwetu kununua kwa bei aitakayo. Mwenye kitalu hukubali, kwani mche haungoji. Ukizidi umri mizizi hutoboa kiriba.

Na kazi ya mche haijulikani kwa makaratasi. Mbegu ya mkarafuu haiwekwi ghalani, ikikauka imekufa. Mche hutaka kivuli na maji kwa miezi mingi, nao ukishapandwa shambani hungojwa miaka sita au saba kabla ya kuchumwa. Miche dhaifu ikipokewa leo, hasara tutaijua wakati aliyelipwa hayupo tena.

Hatuombi sadaka. Huko Kenya, sheria ya mwaka 2015 yataka vijana, wanawake na watu wenye ulemavu watengewe asilimia 30 ya manunuzi ya serikali, na Tanzania Bara nayo imeweka asilimia 30 kwa makundi maalumu. Ni jambo jema, ila fungu likitangazwa kwa kipande kimoja kikubwa, mnyonge hubaki nje vilevile.

Kwa hiyo twaomba tenda igawanywe kwa wilaya: Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. Badala ya dhamana ya benki, bwana shamba aende akakihesabu kitalu. Tangazo libandikwe kwa sheha, lisiishie mtandaoni. Na malipo yasipite siku 30, maana kibarua wa kumwagilia hulipwa jioni hiyo hiyo.

Barua kwa wizara inaandikwa. Kila mwenye kitalu atuletee afisini jina lake, shehia yake na idadi ya miche iliyo tayari, naye ahesabu kweli, kwani watakuja kuiangalia.

Katibu