Mji Mkongwe Zanzibar: Mwanafunzi wa usanifu anatafuta nini kwenye kuta za kale?

Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya Beit-al-Ajaib, jumba maarufu la Forodhani, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash, na lilikuwa limefungwa kwa wageni kwa miaka kadhaa kutokana na uchakavu.

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Kwa hiyo mwanafunzi wa usanifu anayeuchagua kwa mradi wake wa utafiti ana kazi nzito kuliko kupiga picha za milango ya nakshi. Swali lake kubwa ni moja: nyumba hizi zinaumwa nini?

Jibu fupi ni maji. Jibu refu ndilo hili.

Ukuta unaopumua

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma mawe hayohayo kwenye tanuu la kuni, kisha kuyazima kwa maji. Kuta ni nene, na ndani yake kuna vitundu vingi vidogo.

Ukuta wa namna hii unapumua. Mvua ikinyesha unanyonya unyevu, jua likiwaka unaurudisha hewani. Chokaa inauruhusu ufanye hivyo.

Sasa aje fundi apige plasta ya simenti juu yake. Simenti ni ngumu na inakauka haraka, ndiyo maana wengi wanaipenda. Lakini inafunga njia. Maji yanabaki ndani, chumvi inajikusanya, na baada ya muda plasta inabanduka pamoja na vipande vya mawe. Mwenye nyumba akiona hivyo anaongeza simenti nyingine, na ugonjwa unazidi.

Hapo ndipo mwanafunzi anapoanza: anatembea chumba hadi chumba akiweka alama kwenye mchoro. Wapi kuna chokaa ya zamani, wapi kuna simenti, wapi ukuta umelowa.

Boriti: tatizo usiloliona

Pima vyumba vya nyumba hizi utagundua vingi ni virefu lakini vyembamba, upana wa kama mita tatu hivi. Sababu ni boriti, yaani miti ya mikoko inayobeba sakafu na dari. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba.

Ncha za boriti zinaingia ndani ya ukuta. Ukuta ukilowa siku zote, ncha zinaoza kimyakimya huku katikati mti ukionekana mzima. Unakanyaga sakafu, unaona iko sawa, kumbe kinachoishika kimebaki kidogo sana.

Kwa hiyo mwanafunzi anagonga boriti kusikiliza sauti, na anachoma ncha kidogo kwa bisibisi kuona kama mti umelainika. Ni kazi ya vumbi, lakini hakuna picha ya simu inayoweza kuonyesha jambo hilo.

Maji yanaingilia wapi?

Mara nyingi yanatoka juu: bati lililotoboka, mifereji ya paa iliyoziba, au mti uliojiotea ukutani na kupasua mawe kwa mizizi. Mara nyingine yanatoka ndani, kwenye bomba la choo au la jiko lililoongezwa ghorofani.

Hapa historia inaingia. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wamiliki wengi waliondoka na nyumba nyingi zikachukuliwa na serikali. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja ikaanza kukaliwa na familia kadhaa, na kila familia inahitaji pa kupikia na pa kuogea. Nyumba haikuandaliwa kwa mabomba yote hayo.

Leo kuna nyumba za serikali, za wakfu na za watu binafsi, na baadhi zimegeuzwa hoteli. Mwanafunzi lazima ajue nyumba anayoipima ni ya nani, maana bila hilo hatajua nani atalipia ukarabati. Mpangaji hana sababu ya kutumia akiba yake kwenye paa lisilo lake, na kodi ndogo haitoshi kumfanya mwenye nyumba aite fundi.

Piga hodi kwanza

Tepu na kalamu havitoshi. Watu wanaishi humo. Mtafiti mwenye adabu anapiga hodi, anajitambulisha, anakaa barazani na kusikiliza.

Swali moja linafungua mengi: wakati wa masika, maji yanaingilia wapi? Mama aliyeishi chumba hicho miaka mingi anajua ni usiku gani anasogeza kitanda na ndoo anaiweka wapi. Hata baraza yenyewe ina habari zake: ni kiti cha mazungumzo, lakini mvua ikijaza kichochoro, watu hupita juu yake.

Mwisho wa yote anapata nini?

Mradi mzuri unaishia na michoro yenye vipimo na orodha ya kazi kwa mpangilio: paa kwanza, mabomba pili, boriti zilizooza tatu, plasta mwisho. Ukipaka rangi kabla ya kutibu paa, umetupa hela.

Michoro hiyo inamsaidia mwenye nyumba kuomba kibali kwenye Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwa sababu huwezi kubadilisha jengo humo bila ruhusa. Inamsaidia fundi kujua anagusa nini. Na jengo likianguka, vipimo na picha ndivyo vinavyobaki kuonyesha lilivyokuwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa Mji Mkongwe, mtu aulize pia anaziba kwa kitu gani. Akiziba kwa simenti, huenda ukuta akaujenga vilevile.