Msumeno Uwanjani: Namna ya Kuandaa Siku ya Urithi wa Wapasua Mbao katika Kata

Katika vijiji vingi vya nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kibondo hadi Kasulu, bado wapo wazee waliojipatia riziki kwa kupasua mbao kabla mashine hazijaenea. Walifanya kazi wawili wawili. Mmoja alisimama juu ya gogo akivuta msumeno kwenda juu, mwenzake alikaa chini, shimoni au chini ya jukwaa la miti, akiuvuta kurudi chini huku unga wa mbao ukimwangukia usoni. Mstari wa kufuata ulipigwa kwa uzi uliopakwa masizi au unga mweusi wa betri kuukuu. Ubao ulionyooka ulikuwa ushahidi kwamba watu wawili wamepatana.

Leo kazi hiyo hufanywa kwa msumeno wa mnyororo. Vijana wanaoushika wanajua kuuwasha, lakini si wote waliofundishwa kuutumia bila kuumia, na wachache zaidi wamewahi kumsikiliza mzee akieleza namna ya kulisoma gogo kabla ya kulikata. Siku ya kujitolea inayowakutanisha wazee na vijana hao katika uwanja wa umma, kila upande ukiwa na zana zake, inaweza kuhifadhi maarifa ya kale na kupunguza ajali za sasa. Inaweza pia kuharibika ndani ya dakika moja iwapo haikuandaliwa. Makala haya yanaeleza mambo ambayo kata inayotaka kuandaa siku ya namna hiyo inapaswa kuyatimiza.

Urithi unaozungumzwa

Historia ya Mkoa wa Kigoma imefungamana na miti. Huko Uvinza chumvi imechemshwa kwa moto wa kuni kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wahunzi wa Buha waliyeyusha chuma kwa makaa na kufua shoka na majembe. Wafugaji wa nyuki wamechonga mizinga kutokana na magogo na kuitundika mitini hadi leo. Mninga umetoa milango, vitanda na viti vya vizazi kadhaa.

Upo pia upande wa huzuni. Tangu mwaka 1972, na zaidi baada ya mwaka 1993, wilaya hizi zimewapokea wakimbizi kutoka Burundi na baadaye kutoka Kongo. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996, na ile ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015. Familia za kambini na za vijijini zimepikia kuni zilezile kutoka misitu ileile ya miombo, na mahali pengi mwendo wa kwenda kutafuta kuni umezidi kurefuka. Kwa sababu hiyo, mkusanyiko wenye mlio wa misumeno hauwezi kuchukuliwa kama burudani tupu. Mwananchi atakayeusikia akiwa mbali atauliza kama msitu umefunguliwa. Waandaaji wanapaswa kuwa na jibu kabla swali halijaulizwa.

Msumeno wenyewe una historia fupi. Andreas Stihl wa Ujerumani alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme mwaka 1926, mashine iliyohitaji kubebwa na watu wawili. Mnyororo unaotumika siku hizi unatokana na kazi ya Joseph Cox wa Marekani, aliyechunguza funza wa mbawakawa akitafuna gogo kwa kukata kushoto na kulia, kisha akatengeneza meno ya chuma yanayofanya hivyo hivyo. Mnyororo huo ulianza kuuzwa mwaka 1947. Hivyo wapo wazee wa mkoa huu wenye umri mkubwa kuliko mnyororo ambao wajukuu wao wanaunoa kwa tupa.

Nani aulizwe kwanza

Jambo la kwanza ni uwanja. Maombi huanzia kwa Mtendaji wa Kata, naye huyafikisha mbele ya Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo Diwani ni mwenyekiti wake. Barua ieleze siku, saa, idadi ya watu wanaotarajiwa, idadi ya misumeno itakayowashwa, na mti au magogo yatakayotumika. Jeshi la Polisi lipewe taarifa ya maandishi mapema, na kituo cha afya kilicho karibu kijulishwe ili siku hiyo kisikose mtumishi na vifaa vya kufungia majeraha.

Jambo la pili ni mti. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inasimamia uvunaji wa mazao ya misitu, na baadhi ya miti ya asili inalindwa hata ikiwa imesimama nje ya hifadhi. Kujitolea hakuondoi haja ya kibali. Mti ulioanguka kwa upepo uwanjani nao una mwenyewe, na gogo linalosafirishwa bila hati linaweza kukamatwa njiani hata kama limebebwa kwa nia njema. Kwa hiyo Afisa Misitu wa Wilaya na ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) washirikishwe kabla ya tangazo lolote kutolewa. Wenye misumeno nao waulize katika ofisi hizo masharti ya kumiliki na kutumia mashine hizo, wasije wakaitwa kwenye sherehe wakarudi na kesi.

Njia iliyo salama zaidi ni kutokata mti wowote uliosimama. Magogo machache ya mikaratusi au misindano yaliyovunwa kihalali katika shamba la kupandwa yanatosha kwa maonyesho ya siku nzima. Iwapo uwanja una mkaratusi mzee unaotishia paa la shule au nyaya za umeme, uangushwe siku nyingine na mafundi wenye uzoefu, umati usiwepo, na shirika la umeme liwe limejulishwa. Magogo yake ndiyo yaletwe uwanjani. Kisiki cha mkaratusi huchipua tena, na kuonyesha namna ya kuchagua machipukizi mawili au matatu ya kuachwa ni somo linalofaa siku hiyo hiyo.

Kuni na mbao ni za nani

Ugomvi mwingi katika kazi za msaragambo hautokani na kazi yenyewe. Hutokana na kinachobaki baada ya kazi. Mbao zilizopasuliwa mbele ya watu mia mbili zina wadai mia mbili. Ni lazima muhtasari wa kikao cha maandalizi utaje, kabla ya siku yenyewe, mbao zitakwenda wapi, matawi yatakwenda wapi, na unga wa mbao utakwenda wapi. Mbao zinaweza kupelekwa shule ya msingi kwa ajili ya madawati, matawi yakapelekwa jikoni mwa shule hiyo, na unga ukagawiwa wafugaji wa kuku. Uamuzi wowote utakaofikiwa ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata, na mwisho wa siku mbao zihesabiwe hadharani.

Vilevile, kujitolea kuwe na maana moja kwa wote. Kama mafuta ya mashine na chakula cha wapasuaji vitagharamiwa na mchango, kiasi kilichokusanywa na kilichotumika kisomwe mbele ya watu. Mzee aliyeitwa kufundisha asirudi nyumbani kwa miguu na njaa kwa sababu tu kazi iliitwa ya kujitolea.

Kamba, umbali na saa

Msumeno wa mnyororo unaowaka hutoa kelele inayoweza kufikia desibeli 110, wakati sauti ya kuanzia desibeli 85 inayosikika kwa saa nyingi tayari hudhuru masikio. Lakini hatari kubwa zaidi ni ya mkato. Sehemu ya juu ya ncha ya upanga unaozungukwa na mnyororo ikigusa kitu kigumu, mashine hurushwa nyuma kumwelekea aliyeishika, kwa kasi ambayo mtu hawezi kuizuia kwa mikono. Ndiyo maana breki ya mnyororo hukaguliwa kabla ya kuwasha, na mashine isiyo na breki inayofanya kazi haina nafasi uwanjani.

Kila atakayewasha msumeno avae kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, glavu, suruali ya kinga na buti imara. Asiye na vifaa hivyo atazame tu. Ikiwa kata nzima ina seti mbili za vifaa, basi misumeno itakayowaka kwa wakati mmoja ni miwili, hata kama wenye mashine waliojitokeza ni kumi.

Watazamaji wazuiwe kwa kamba. Kwa maonyesho ya kukata gogo lililolala, ni busara kamba iwe umbali wa mita 10 au zaidi, na mtu yeyote asisimame mahali ambapo upanga wa msumeno unaelekea, kwa kuwa mnyororo ukikatika vipande vyake huruka kufuata mwelekeo huo. Mafundi wanapoangusha mti, umbali usipungue mara mbili ya urefu wake: mti wa mita 20 unahitaji mita 40 pande zote. Watoto wapewe eneo lao na mwalimu wa kuwasimamia. Saa za mashine ziwe asubuhi, kabla ya watu kuchoka na kabla ya vinywaji kuanza kunywewa. Mtu yeyote aliyekunywa pombe asiguse msumeno wala shoka.

Mafuta yawekwe kivulini, mbali na moto wa kupikia. Mashine nyingi hutumia mchanganyiko wa lita 1 ya petroli na mililita 20 za oili, lakini maelekezo ya mtengenezaji ndiyo yafuatwe. Mashine izimwe na ipoe kabla ya kujazwa, kisha iwashwe mita tatu au zaidi kutoka mahali ilipojaziwa.

Nyuki na majira

Katika wilaya zinazosifika kwa asali, kuna hatari ambayo vitabu vingi vya misumeno haviitaji. Mlio na mtetemo wa mashine huwachokoza nyuki. Siku mbili kabla ya tukio, mfugaji wa nyuki anayeufahamu uwanja auzunguke, akague mapango ya miti, mapaa na mizinga iliyo jirani. Kundi likionekana, ama lihamishwe usiku na mwenye ujuzi, ama uwanja ubadilishwe.

Majira nayo yana neno. Mvua za Kigoma huanza takribani mwishoni mwa Oktoba na kuendelea hadi mapema Mei. Wakati huo gogo huteleza na radi ni nyingi. Agosti na Septemba nyasi zimekauka na cheche moja hutosha kuanzisha moto. Mwishoni mwa Mei na mwezi Juni ndio wakati unaofaa: ardhi imekauka, na nyasi bado zina unyevu. Miche itakayoahidiwa siku hiyo ioteshwe kitaluni, ipandwe mvua zitakaporudi, na majina ya watakaoitunza yaandikwe palepale.

Nafasi ya wazee

Yote yaliyoelezwa yakitimizwa, kiini cha siku ni saa moja ambayo mashine zote zimezimwa. Hapo jukwaa la kupasulia lijengwe, gogo lipandishwe, na wazee wawili wapewe msumeno wao. Huenda wasimalize ubao mmoja, si lazima. Kijana anayetazama ataona kwamba msumeno wa mikono hukata njia nyembamba, wakati mnyororo hugeuza sehemu kubwa zaidi ya gogo kuwa unga. Ataona mzee akilizunguka gogo, akitafuta upande lilikoegemea mti ulipokuwa hai, akigonga kwa kisigino cha shoka ili kusikia kama ndani kuna uwazi. Maarifa hayo ndiyo yanayomwokoa mwenye mashine, kwa sababu gogo lenye mkazo hubana upanga na gogo lenye uwazi hupasuka bila kutarajiwa.

Maelezo ya wazee yaandikwe na mwanafunzi au Afisa Utamaduni, kwa Kiha na kwa Kiswahili: majina ya miti, namna ya kunoa, nyimbo za kazi, na ajali walizozishuhudia. Ajali zisifichwe. Mzee anayeonyesha kovu lake huwafunza vijana kuliko bango lolote.

Kata inayofikiria kuandaa siku hii ianze mapema, miezi mitatu au zaidi kabla, kwa kikao kimoja katika ofisi ya Mtendaji wa Kata, na katika kikao hicho wawepo mpasua mbao mmoja wa zamani, mwenye msumeno mmoja, mfugaji wa nyuki mmoja na mhudumu wa afya mmoja. Wakipatana hao wanne, siku itakwenda vizuri. Wasipopatana, ni afadhali iahirishwe hadi mwaka mwingine, kwa kuwa urithi huu ulilindwa na watu waliojua kusubiri mti ukomae.