Milima ya Moto Iliyotuletea Mto Ruzizi



Mwaka 2021 ziwa letu lilipanda, likaingia katika nyumba za pwani. Mwaka huo huo, tarehe 22 Mei, mlima Nyiragongo karibu na Goma ulitapika moto. Hapa mwaloni Katonga nikawasikia watu wazima wakisema, “Moto wa Kongo ndio uliosukuma maji.” Wengine walitaka kuhama kabisa.

Moto ule haukufika kwetu. Ziwa lilijazwa na mvua kubwa, kama lilivyojazwa tena mwaka 2024. Lakini wazee wale hawakukosa yote, maana milima ya moto kweli ilituletea maji, ila ni zamani sana.

Kaskazini ya Ziwa Kivu iko safu ya milima minane iitwayo Virunga. Mikeno na Sabyinyo ni mikongwe. Imezimika, ikaliwa na mvua hata vilele vyake vimebaki kama meno ya mzee. Nyiragongo na Nyamulagira ingali hai. Kabla milima hiyo haijatokea, maji ya bonde lile yalikwenda kaskazini, upande wa Nile. Volkano zikamwaga zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka, tabaka juu ya tabaka, zikaziba bonde kama mtu anavyoziba mfereji kwa udongo. Maji yakajikusanya, ndilo Ziwa Kivu. Yapata miaka 10,000 iliyopita yakafurika kusini, na njia yake ndiyo mto Ruzizi. Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, letu 770 hivi. Kwa hiyo mto huo hushuka kwa kishindo, hata umewekewa mitambo ya umeme. Hutuletea pia chumvichumvi za mawe ya volkano.

Novemba 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kuutazama, maana kama ungetoka ziwani, huenda ungekwenda Nile. Wakaukuta unaingia.

Hatari ya moto wenyewe ni ya ndugu zetu wa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 zaha ilipita katikati ya mji, ikaharibu kanisa kuu, ikaishia Kivu. Tuwakumbuke katika Rozari. Nasi tunaojenga pwani tuulize kwanza maji yalifika wapi mwaka 2021 na 2024, ndipo tupime msingi.