Mafuriko ya Rufiji na Karatasi ya Bima

Leo tunazungumza hasa na ndugu zetu wa bonde la Rufiji, kuanzia Mloka mpaka Mohoro, pamoja na wale wa Kibiti. Lakini hata wewe uliyeko Kilombero au Wami, usizime redio yako.

Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 nilikuwa Ikwiriri nikipita mashambani. Bibi mmoja akafungua pindo la khanga yake akanitolea karatasi ya bima. Akaniuliza, "Bwana shamba, mpunga wangu eka mbili umekwenda na maji. Hawa watu wananilipa lini?" Nikaisoma karatasi ile mara mbili. Ilikuwa ni bima ya mvua. Ilisema atalipwa iwapo mvua ya kijijini kwake itapungua chini ya kipimo fulani, au ikizidi kipimo fulani. Mto haukutajwa hata mara moja. Ikanibidi nimwambie kwamba naona hatalipwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa mwanangu, kilichokula mpunga wangu si maji?"

Swali la bibi yule ni la haki kabisa. Ili tulijibu, lazima kwanza tuujue mto wenyewe.

Maji yanayofurika Rufiji, kwa sehemu kubwa, hayanyeshi Rufiji. Mto huu unakusanya maji ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, yaani kiasi cha moja ya tano ya Tanzania Bara. Mto Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji hayo. Mengine yanaletwa na Luwegu na Ruaha Mkuu. Kwa hiyo mvua inaweza kunyesha sana milima ya Udzungwa na nyanda za Njombe, na wewe uliyeko Mohoro ukaona mawingu tu, halafu siku chache baadaye maji yakaingia shambani kwako jua likiwaka. Kipimo cha mvua cha kijijini kwako hakitaonyesha kitu. Bima inayosoma kipimo hicho nayo haitaona kitu. Hapo ndipo mpunga wa bibi yule ulipopotelea.

Wazee wa bonde wanaijua miaka ya maji makubwa: 1962, 1968, 1974, 1998, na sisi wenyewe tumeiona 2020 na 2024. Baada ya maji ya 1968 ikaja Operesheni Rufiji mwaka 1969, watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu. Nyumba zilihama lakini mashamba hayakuhama, maana ardhi yenye rutuba ilibaki kule kule chini. Mtu akawa anakaa juu, msimu ukifika anateremka kulala kwenye dungu akilinda mpunga wake. Wala tusiwacheke wazee kwa kung'ang'ania bonde. Maji yakiondoka huacha tope jipya na unyevu, na hapo ndipo mlau unapopandwa, mahindi na kunde, bila kungoja mvua. Mwaka usio na mafuriko kabisa nao ni mwaka wa njaa kwa watu wa mlau.

Siku hizi kuna jambo jipya. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Bwawa linaweza kuzuia mafuriko madogo, lakini likikaribia kujaa, maji ya ziada lazima yaachiwe yapite. Aprili 2024 maji yaliachiwa, huku mvua zikiwa kubwa nchi nzima, na Rufiji na Kibiti zikafurika. Mwezi ule Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kwa mvua na mafuriko. Basi usiseme, "Bwawa lipo, mto umefungwa."

Sasa turudi kwenye karatasi. Bima ya mazao ninazozikuta kwa wakulima ni za namna mbili. Ya kwanza ni hiyo ya vipimo vya mvua, tumekwisha kuieleza. Inafaa kwa ukame, na anayelima mlimani asiidharau. Ya pili ni bima ya mavuno ya eneo. Hapa wataalamu hupima mavuno katika mashamba machache ya kata au eneo lenu, wakapata wastani. Wastani ukishuka chini ya kiwango mlichokubaliana, wote waliokata bima wanalipwa. Hii inaweza kuyaona mafuriko, lakini angalia: kama nusu ya mashamba ya kata yako yako mlimani na yamevuna vizuri, wastani unaweza usishuke, na wewe wa bondeni ukakosa hata senti. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, muulize wakala: eneo la kupimia ni lipi, na je, mashamba ya bondeni yanapimwa peke yake? Muulize pia kama neno "mafuriko ya mto" limeandikwa, na mwambie akuonyeshe kwa kidole. Akisema "limo tu, usiwe na wasiwasi", usitie saini. Karatasi ikiwa ya Kiingereza, mlete bwana shamba au mwalimu akusomee.

Uliza vilevile fidia hulipwa mwezi gani. Wengi hawaulizi hili. Tuseme umekata bima ya shilingi 600,000 kwa ada ya shilingi 30,000. Maji yanakupiga Aprili, yanaondoka Mei au Juni, na mlau unataka mbegu wiki hiyo hiyo. Fidia ikitolewa Septemba itakusaidia kulipa deni, lakini mlau utakuwa umekupita. Kwa hiyo hata mwenye bima nzuri aweke mbegu ya mlau nyumbani juu, mahali maji ya 2024 hayakufika, si kwenye dungu.

Na maji ya 2024 yalifika wapi? Yawekeeni alama sasa, kabla hatujasahau. Chukueni rangi, nendeni kwenye mbuyu, ukuta wa shule, nguzo ya umeme, mwandike mwaka. Mzee anayekumbuka maji ya 1974 naye aonyeshe mahali pake. Siku ya kujadiliana na kampuni ya bima, kijiji chenye alama hizo kina ushahidi mkononi.

Juma lijalo tutaeleza jinsi ya kuhifadhi mbegu ya kunde isibunguliwe. Kwaherini.