Bosi, upotevu siyo mimi!

Jamani, siku hizi kila bosi anayetaka kupunguza watu hujidai anawaiga Wajapani: “Tunaondoa upotevu.” Mie nacheka. Upotevu wanaousema Toyota ni mali inayolala stoo, mashine inayosubiri, kazi inayorudiwa mara mbili. Siyo wewe kijana!

Chukua Fremont, kule California. General Motors ilifunga kiwanda chake pale mwaka 1982, watu wakabaki mitaani. Mwaka 1984 ikashirikiana na Toyota kukifungua upya kwa jina la NUMMI. Wengi walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani. Mkataba ulisema kabla ya kupunguza wafanyakazi, wakubwa wakatwe mishahara kwanza. Mwaka 1988 mauzo yalipodorora, hakuna aliyepigwa chini. Waliokosa shughuli walipelekwa mafunzoni.

Walijua wanachofanya. Nani atamwonyesha bosi njia ya mkato ikiwa itamla yeye mwenyewe?

Ila tusidanganyane: NUMMI nayo ilifungwa mwaka 2010, baada ya GM kujitoa. Mbinu peke yake haileti ajira. Lakini bosi wako akikutajia Wajapani, muulize: na mshahara wako, mzee, umeshaukata?